Sebule ya Sinema: Filamu za Zamani za Hollywood, Uanzie Wapi?

Mwezi uliopita niligusia kidogo filamu za Hollywood za kabla ya mwaka 1970, na barua zilizokuja zimenionyesha kwamba wengi wenu mnazitaka ila hamjui mlango uko wapi. Nimechagua zile zinazouliza mambo tofauti. Kwa wageni wa safu hii: nakaa Tanga, na kila Ijumaa baada ya Isha majirani hukusanyika sebuleni kwangu tukaangalia picha moja kwenye shuka jeupe. Ninayowashauri humu nimeyaona kwa watu hao, fundi cherehani, wauza samaki, walimu, mabinti wa sekondari. Nimeona wapi wanacheka, wapi wanasogeza viti mbele, na wapi miayo inaanza.

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Nilisoma kwamba Citizen Kane ndiyo filamu bora kuliko zote. Nimeianza mara kadhaa na kila mara nalala kabla ya nusu. Tatizo ni mimi au ni filamu? Nianze na ipi?

Marahaba mwanangu. Huna tatizo, na filamu haina tatizo. Umeanzia juu ya paa. Citizen Kane ya mwaka 1941 inapendwa mno na watu wa kamera, kwa sababu mwongozaji wake Orson Welles, akiwa na miaka 25 tu, alikusanya mahali pamoja mbinu ambazo wenzake walikuwa wakizigusagusa: dari za vyumba zinaonekana, mtu wa karibu na mtu wa mbali wote wako wazi katika picha moja, na maisha ya tajiri mmoja yanasimuliwa na watu wasiokubaliana. Utamu wa mambo hayo unaupata ukishaona filamu nyingine za miaka ile. Iweke kwanza kando.

Anza na 12 Angry Men ya mwaka 1957. Ina dakika 96, na karibu zote zinapita ndani ya chumba kimoja. Kijana wa miaka 18 ameshtakiwa kumuua baba yake kwa kisu. Raia kumi na wawili wamefungiwa chumbani waamue, na wote wakisema ana hatia atapelekwa kwenye kiti cha umeme. Joto ni kali, feni haizunguki, mmoja ana tiketi ya mechi ya jioni na anataka waondoke upesi. Wanapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kumi na mmoja wanasema ana hatia. Mmoja, anayechezwa na Henry Fonda, anasema hana uhakika, ila uhai wa mtoto huyu hauwezi kukatwa kwa dakika tano bila watu kukaa wakazungumza. Basi, filamu nzima ndiyo hiyo. Hakuna risasi, hakuna magari, hakuna mapenzi.

Nilipoionyesha sebuleni, fundi cherehani wetu alisimama pale kisu cha pili kilipochomekwa mezani, akasema kwa sauti, "Kumbe!" Baada ya picha kwisha watu walibishana hadi usiku wa manane juu ya yule shahidi mzee aliyedai kwamba alitoka kitandani akafika mlangoni kwa sekunde kumi na tano. Sisi tuliwazoea wazee wa baraza waliokaa na jaji Mahakama Kuu, lakini wao walitoa ushauri na jaji aliweza kuukataa. Hawa wa Marekani neno lao ndilo hukumu, ndiyo maana kila anayebadilisha kura unamsikia kifuani mwako.

Na hapa nikupe jambo la kutazama. Mwongozaji Sidney Lumet, ambaye hii ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, aliipanga kamera ishuke polepole. Mwanzoni inawatazama watu kutoka juu kidogo. Katikati iko usawa wa macho. Mwishoni inawatazama kutoka chini, mpaka dari la chumba linaonekana. Lenzi nazo alizibadilisha ili kuta zionekane kama zinasogea. Wewe uliyekaa kwenye kiti chako unahisi hewa inakwisha na hujui kwa nini. Ukishaona dari la Lumet, mwanangu, rudi kwa madari ya Welles. Hutalala.

Kanuni yangu ni moja na utaiona katika majibu yote ya leo: chagua filamu kwa hadithi ambayo tayari unaijali, sifa zake zitakuja baadaye. Wewe ni kijana, unasoma, unapenda ubishi. Ukimaliza hiyo, tafuta High Noon ya mwaka 1952, dakika 85, yenye Gary Cooper. Polisi wa mji mdogo amefunga ndoa asubuhi, na treni ya saa sita mchana inamleta muuaji aliyeapa kulipiza kisasi. Saa ya ukutani inakwenda karibu sawa na saa yako mkononi. Anapita nyumba kwa nyumba kuomba msaada, na kila mtu ana sababu nzuri ya kukataa. Sisi tuliokua tukiamini stelingi haogopi, uso wa Cooper katika filamu hii ni somo kubwa.

Mama, habari za kazi. Nina watoto watatu, mkubwa yuko darasa la sita, mdogo chekechea. Jumapili nataka tukae pamoja tuangalie kitu bila mimi kukimbilia rimoti kila dakika. Kiingereza chao bado. Mimi ni mama wa Morogoro.

Charlie Chaplin, mama, na usisite. Filamu bubu haihitaji Kiingereza. Maandishi machache yanayojitokeza mtasomewa na huyo wa darasa la sita, naye atafurahia kazi hiyo.

Waanzishie The Gold Rush ya mwaka 1925. Mchimba dhahabu aliyekwama kwenye kibanda katikati ya theluji anachemsha kiatu chake na kukila, kamba anazizungushia uma kama mla tambi. Halafu kibanda kinasukumwa na upepo mpaka ukingoni mwa genge, nusu iko juu ya ardhi na nusu inaning'inia, na wao wawili ndani hawajui. Watoto wa mtaani kwangu waliruka juu ya viti.

Wakishamzoea, wape City Lights ya mwaka 1931. Wakati ule filamu zilikuwa zimeanza kuzungumza tangu miaka michache nyuma na kila studio ilikimbilia sauti, lakini Chaplin alikataa kumpa yule mzururaji wake maneno. Sehemu kubwa ya muziki aliitunga mwenyewe. Msichana kipofu muuza maua anasikia mlango wa gari ukifungwa, anadhani aliyeshuka ni tajiri. Aliyesimama mbele yake ni mzururaji asiye na senti. Kuanzia hapo mtu huyu anafanya kila kazi, anafagia barabara, anapanda ulingoni kupigana ngumi, ili apate pesa za kumtibu macho. Mwisho wake sikuambii. Kaa karibu na wanao dakika za mwisho, na usiwashe taa haraka.

The Wizard of Oz ya mwaka 1939 ni nzuri pia, hasa pale binti anapofungua mlango na dunia iliyofifia inageuka rangi tupu. Ila ina nyimbo na maneno mengi, na yule mchawi wa kijani na nyani wanaoruka wanaweza kumtia hofu wa chekechea. Mpe miaka miwili mitatu.

Kuhusu rimoti: kuanzia mwaka 1934 studio kubwa za Hollywood zilifuata kanuni kali za maadili, na filamu isiyopata muhuri wa ofisi iliyosimamia kanuni hizo haikupata kumbi kubwa. Hata mume na mke mara nyingi walionyeshwa wakilala vitanda viwili. Kanuni hizo ziliachwa mwaka 1968, yakaja madaraja ya umri. Kwa hiyo katika filamu za kipindi hicho mambo ya chumbani hutayakuta. Lakini muhuri ule haukulinda kila kitu, mama. Kanuni hizohizo zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mtu mweusi na mtu mweupe, na picha nyingi zilizopata muhuri zinamfanya mtu mweusi kichekesho. Usiache watoto peke yao na filamu ya zamani kwa sababu tu haina mabusu.

Shikamoo. Hapa Ujiji kuna wazee wanaosema meli yetu ya Liemba imo kwenye filamu ya zamani ya Wamarekani. Wengine wanabisha. Tusaidie.

Marahaba. Swali hili limenifurahisha sana, kwa sababu pande zote mbili zina haki.

Filamu yenyewe ni The African Queen ya mwaka 1951, ya mwongozaji John Huston, yenye Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Liemba hutaiona humo hata mara moja. Wala Ziwa Tanganyika hutaliona. Lakini hadithi ilizaliwa kwenye maji yenu.

Meli mnayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli ya kati hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915, vita kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kwa njia ambayo mtu akisimuliwa hudhani ni uongo: meli hadi Cape Town, treni hadi kusini ya Kongo, kisha zikakokotwa porini kwa matrekta ya mvuke na maksai, zikapita mto Lualaba, zikapanda treni tena hadi ziwani. Desemba 1915 zikaiteka boti ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen hawakuipata. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokuwa wakirudi nyuma, lakini kabla ya hapo walipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa nzima. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Mwandishi Mwingereza C. S. Forester alichukua vita hivyo vya ziwani akaviandikia riwaya mwaka 1935, na filamu ikatoka kwenye riwaya. Mwaka ni 1914. Rose ni dada wa mmisionari. Askari wa Kijerumani wanachoma kijiji, kaka yake anakufa, anabaki na Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye boti chakavu inayoitwa African Queen. Mwanamke yule aliyezoea kupiga kinanda kanisani ndiye anayeamua kwamba watashuka mto wenye maporomoko, watatengeneza makombora kwa mitungi ya oksijeni, na watailipua meli ya Wajerumani ziwani. Bogart na Hepburn wanagombana mto mzima, na mapenzi yao yanakuja taratibu hadi unawaamini kabisa. Bogart alipata tuzo yake ya pekee ya Oscar kwa kazi hii.

Upigaji picha ulifanyika mto Ruiki huko Kongo ya Wabelgiji, na Uganda upande wa Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, na sehemu nyingine ikamaliziwa studio jijini London. Karibu kikosi kizima kiliugua matumbo. Hepburn alidhoofika vibaya, na katika yale matukio ya kanisani mwanzoni, uso wake uliopauka ni ugonjwa wa kweli. Boti iliyotumika ilijengwa Uingereza mwaka 1912 na ilikuwa ikifanya kazi kweli kwenye maji ya Uganda. Sasa iko Key Largo, Florida, inabeba watalii.

Jambo moja linaniuma kila ninapoitazama. Wanakijiji wanaonekana mwanzo tu, wakiimba kanisani nyimbo wasizozielewa. Nyumba zao zinachomwa, wao wanaswagwa, na hadithi haiwaulizi tena. Vita vile vilikokota wapagazi wengi wa kwetu hadi kufa, na humu hakuna hata mmoja mwenye jina. Itazameni na wazee wa Ujiji, kisha wao ndio wazungumze. Nina hakika kuna familia hapo zenye masimulizi ya babu zao kuhusu meli ile, na hayo filamu haikuyagusa.

Mama, mimi ni dereva wa watalii Arusha. Wageni wanaulizia Hatari! ya John Wayne. Inafaa kutazamwa?

Inafaa kwako hasa, kijana wangu, kwa kuwa barabara zile unazijua. Mwongozaji Howard Hawks aliipiga Tanganyika kabla tu ya uhuru, ikatoka mwaka 1962. Kituo kikubwa kilikuwa Momella, chini ya Mlima Meru. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger aliipenda sehemu ile hata akanunua shamba hapo akaishi miaka kadhaa.

Hadithi ni nyembamba: kundi la watu linakamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za nchi za nje, mapenzi kidogo, vichekesho kidogo, zaidi ya saa mbili na nusu. Thamani yake ni ule ukamataji. Waigizaji wenyewe wamo kwenye magari, Wayne ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya lori na kitanzi mkononi, na kifaru anayelipiga pembe lile gari ni kifaru wa kweli. Leo hakuna mbuga itakayoruhusu mnyama akimbizwe hivyo, na ni vizuri. Muziki wa Henry Mancini kwa watoto wa tembo wageni wako wote wanaujua hata kama hawajui ulikotoka. Waafrika katika filamu hii wanabeba, wanasaidia, wanacheka. Waambie wageni ukweli huo pia.

Salaam aleikum mama. Nimechoka mimi. Kila filamu ya zamani mtu mweusi ni mpishi, ni dereva, ama anakimbia akitoa macho. Kwa nini nijisumbue? Msomaji wa Mombasa.

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Uchovu wako ni wa haki na sitakuomba uufiche. Nitakuomba uangalie nyuso.

Hattie McDaniel alicheza mtumishi katika Gone with the Wind ya mwaka 1939. Filamu ile inausifia ulimwengu wa wamiliki wa watumwa kwa karibu saa nne, na mimi simshauri mtu aanze nayo. Ilipozinduliwa Atlanta, McDaniel hakuhudhuria, kwa sababu sheria za ubaguzi za huko zisingemruhusu kukaa na wenzake. Mwaka 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, na usiku ule, kwenye hoteli jijini Los Angeles, alikalishwa meza ya pembeni mbali na waigizaji wenzake wa filamu ileile. Mtazame anavyopanda ngazi huku akilia baada ya kifo cha mtoto wa nyumba ile. Walimpa nafasi ya mtumishi, naye akaweka mtu mzima ndani yake. Kazi yake haistahili kutupwa pamoja na uongo wa filamu iliyomzunguka.

Lena Horne naye, mwimbaji mzuri mno, studio ya MGM mara nyingi ilimpiga picha akiimba peke yake, katika sehemu zisizoshikamana na hadithi, ili kumbi za kusini ya Marekani ziweze kumkata bila filamu kuharibika. Ukijua hilo, ukimwona amesimama peke yake kwenye nguzo akiimba, unaelewa upweke ule umepangwa na nani. Mtafute katika Stormy Weather ya mwaka 1943, ambamo karibu waigizaji wote ni weusi. Hadithi ni ya kupitia tu. Subiri mwisho, watokee ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas. Wanashuka ngazi kubwa kwa kurukana vichwani, kila mmoja akitua msamba kwenye kidato cha chini na kuinuka bila kushika kitu. Sebuleni kwangu tuliirudisha sehemu ile mpaka watoto wakaanza kujaribu kwenye ngazi za barazani, nikawazuia.

Lakini ukitaka filamu moja tu, chukua In the Heat of the Night ya mwaka 1967. Sidney Poitier ni mpelelezi kutoka Philadelphia anayesubiri treni usiku katika mji mdogo wa Mississippi, kusini ya Marekani. Tajiri ameuawa, polisi wanamkuta mtu mweusi kituoni ana pesa kwenye pochi, wanamkamata. Kumbe huyo ndiye mjuzi kuliko wote pale, na mkuu wa polisi, Rod Steiger, analazimika kumwomba msaada. Kuna tukio ndani ya banda la maua, mzee tajiri wa kizungu anampiga Poitier kofi. Poitier anamrudishia palepale, kofi kwa kofi, bila kufikiri. Mwaka 1967, kwenye skrini ya Hollywood! Kimya kinachofuata, uso wa mzee yule, uso wa mtumishi mweusi aliyeshika sinia pembeni: hapo utajua kwa nini nakuambia uangalie nyuso.

Filamu inasimulia Mississippi lakini sehemu kubwa ilipigwa Illinois, jimbo la kaskazini, kwa kuwa Poitier hakutaka kwenda kufanya kazi kusini. Sherehe za Oscar za mwaka 1968 ziliahirishwa kwa siku mbili baada ya Martin Luther King kuuawa. Filamu ikashinda kuwa filamu bora, Steiger akashinda uigizaji bora. Poitier hakuteuliwa hata kushindania. Mpaka leo sijaliridhia hilo.

Na usidhani watu weusi walisubiri Hollywood iwape ruhusa. Oscar Micheaux, mtoto wa baba aliyezaliwa utumwani, alitengeneza filamu zake mwenyewe nje ya studio kubwa. Within Our Gates ya mwaka 1920 inaonyesha wazi jinsi watu walivyonyongwa na makundi ya wazungu. Ilipotea kwa miongo, nakala ikaja kupatikana Hispania. Ni bubu, picha zake zina mikwaruzo, na ni nzito. Usiitazame na watoto.

Mama, habari ya huko? Mimi ni mtu wa Uvira, leo niko Ottawa. Mke wangu anataka filamu ya mapenzi ya zamani, mimi nataka kitu chenye uzito. Tukubaliane wapi?

Casablanca, baba, ya mwaka 1942. Ninyi wawili mtaielewa kuliko wengi walioisifia.

Kila mtu katika mji ule anasubiri karatasi. Wamekimbia Ulaya ya Wanazi, wamefika Moroko, na kutoka hapo wanahitaji kibali cha kwenda Lisbon kisha Marekani. Wanauza vito vya mama zao. Wanahongana. Mke kijana wa Kibulgaria yuko tayari kujitoa kwa mkuu wa polisi ili mumewe apate saini. Wote wanakutana katika baa ya Rick, yaani Bogart, anayejidai hajali la mtu. Halafu anaingia Ingrid Bergman, mwanamke aliyempenda Paris akampoteza, na yuko na mume wake, mpigania uhuru anayesakwa na Wajerumani. Karatasi za kuondokea zipo mbili. Watu ni watatu.

Mke wako atayapata mapenzi yake, na ni mapenzi ya kweli. Wewe subiri maofisa wa Kijerumani waanze kuimba wimbo wao ndani ya baa. Yule mume anawaambia wanamuziki wapige wimbo wa taifa wa Ufaransa, na baa nzima inasimama kuimba hadi Wajerumani wanafunikwa. Wengi katika tukio lile hawakuhitaji kuigiza. Filamu ilipigwa studio ya Warner huko California, hawakukanyaga Moroko, lakini baa ile ilijaa wakimbizi. Madeleine Lebeau, binti anayelia akiimba, alikuwa ameikimbia Paris mwaka 1940 na mumewe, Marcel Dalio, ambaye naye yumo akichezesha kamari. Conrad Veidt, anayecheza mkuu wa Wanazi, alihama Ujerumani kwa sababu mke wake alikuwa Myahudi. Mwongozaji Michael Curtiz mwenyewe alitoka Hungaria.

Majirani zangu wengi hawajawahi kusubiri viza. Lakini mama mmoja aliyekuja Tanga kutoka Bujumbura miaka mingi iliyopita aliitazama hadi mwisho bila kusema neno, na wiki iliyofuata akaomba irudiwe. Niliirudia.

Shikamoo bibi. Tuko Temeke, vijana kama kumi, tunataka kuanza usiku wa filamu kama wako. Bando ni ghali na hatutaki za wizi. Tufanyeje?

Marahaba wajukuu zangu, mmenipa furaha.

Zipo filamu ambazo haki miliki zake zimekwisha nchini Marekani, na zinapatikana bure, kihalali, kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Mmoja wenu apakue moja usiku, muihifadhi kwenye fleshi, bando linatumika mara moja tu. Within Our Gates niliyoitaja juu imo katika hizo. Charade ya mwaka 1963 nayo imo: ina rangi, iko Paris, Audrey Hepburn anaandamwa na watu wanaotafuta pesa za marehemu mumewe, na Cary Grant kila mara anabadilisha jina. Kwa kundi mchanganyiko wa wavulana na wasichana haijawahi kuniangusha. His Girl Friday ya mwaka 1940 pia ni ya bure, lakini wanazungumza kwa kasi mno, iacheni mpaka muwe mmezoea.

Ya kwanza iwe The General ya mwaka 1926, ya Buster Keaton. Ni bubu, haimchoshi mtu, na ni treni mwanzo hadi mwisho. Mjue tu kwamba stelingi yuko upande wa kusini katika vita ya Marekani ya wenyewe kwa wenyewe, upande uliotetea utumwa, na filamu haisemi lolote juu ya hilo. Lisemeni ninyi kabla ya kuwasha. Michezo yote ya kurukia mabehewa Keaton aliicheza mwenyewe. Daraja linapowaka na kichwa cha treni kuporomoka mtoni, kile ni kichwa cha treni cha kweli, kilichoangushwa Oregon mara moja tu mbele ya kamera.

Spika iwekeni nyuma ya shuka, siyo kando, ili sauti itoke kwenye picha. Kwa filamu zenye maneno, washeni maandishi ya chini ya Kiingereza, na mmoja anayekijua vizuri aeleze hadithi kwa Kiswahili kwa dakika tatu kabla ya kuanza. Msimpe mtu kazi ya kutafsiri juu ya sauti kama kwenye vibanda umiza. Filamu hizi nusu ya utamu wake ni sauti za waigizaji na ukimya kati ya maneno. Mkiona watu wamepotea, simamisheni picha, elezaneni, endeleeni. Simu zote zikae kwenye kapu mlangoni. Na mkimaliza msitawanyike, kaeni mbishane, halafu niandikieni mlibishana juu ya nini.